Mgongo na Kinyaa Chake

Kama umelala chali sasa hivi na kuna mtu anakusomea haya kwa sababu mikono yako haiwezi kuinua karatasi, nakupa pole, wala sitakudanganya. Ugonjwa wa mgongo hauna heshima. Mtu wa kifua kikuu huonewa huruma. Mtu aliyetupwa na nyati husimuliwa kilabuni. Mtu wa mgongo hana hata kidonda cha kuwaonyesha wageni. Ana harufu na hasira, na anangoja mtu wa kumgeuza ili akojoe.

Nilipolala mimi, kila aliyekuja alinieleza habari za maumivu. Habari za kinyaa hakuna aliyenieleza, na kinyaa ndicho kilichokaribia kuniua. Kwa hiyo nitaandika hayo, na yale machache yaliyonisaidia.

Mwaka wa 1959 nilikuwa mpakiaji katika shamba la ngano la Mzungu mmoja, juu ya Karatu, upande ule ambao ukungu wa msitu wa Ngorongoro hushuka asubuhi na kukaa mpaka saa nne. Gunia moja la ngano lilinizidi uzito. Wawili walilinyanyua, wa tatu akainama, wakambwagia mgongoni, naye akapanda nalo ubao mpaka ndani ya lori. Mimi ndiye niliyekuwa huyo wa tatu. Nilijivunia kazi hiyo. Tulikuwa tukishindana nani atapanda ubao mara nyingi bila kupumzika, na mimi nilishinda mara nyingi, mjinga mkubwa.

Asubuhi moja ya mavuno ubao ulikuwa na umande, na punje za ngano zimemwagika juu yake. Mguu wa kushoto uliteleza. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio, kama mtu amevunja muwa nyuma ya sikio langu. Nikajikuta chini kifudifudi, gunia limelala juu ya miguu, mdomo umejaa ngano na grisi ya trekta. Halafu nikahisi joto likishuka mapajani. Nilikuwa nimejikojolea mbele ya wanaume kumi na wawili.

Nyapara wetu, Faustini, alikuja akasimama karibu na kichwa changu. Niliviona viatu vyake tu.

"Amka, Petro. Lori halingoji mtu."

"Siwezi, bwana."

"Umekunywa nini tangu asubuhi?"

Mmoja akacheka. Walinibeba kwa turubai la kufunikia ngano mpaka kambini, kwenye chumba chetu cha mabati, wakanilaza kitandani na suruali yangu mbichi.

Mke wangu, Regina, alikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Siku ya tatu Faustini alipita, akasimama mlangoni, akasema chumba kile ni cha mtu anayefanya kazi, na kama mimi sifanyi, kuna wengine wanaokitaka.

"Basi nitafanya mimi," Regina akasema.

"Utabeba magunia?"

"Nitashona midomo yake. Wanawake si wanashona?"

Faustini akamtazama, akanitazama, akaondoka. Kesho yake alfajiri Regina alimfunga mtoto mgongoni, akachukua sindano ya magunia, akaenda. Ndivyo tulivyobaki na paa. Lakini kulihitajika mtu wa kushinda na mimi na wale watoto wawili wakubwa, na mtu pekee aliyeweza kuja alikuwa mama yake. Alipanda kwa miguu kutoka Baray, siku nzima, akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando na kanga mbili. Watoto walimwita Ama, yaani bibi kwa Kiiraqw, nasi wote tukamwita hivyo.

Nilivyolelewa mimi, mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Akimkuta njiani, hujitenga pembeni mpaka apite. Na sasa mama mkwe wangu alilala chumba kimoja na mimi, nyuma ya pazia la gunia, akasikia kila nilichokitoa, cha mdomoni na kisicho cha mdomoni.

Siku ya nne tangu afike, maharage yalinigeuka tumboni. Regina alikuwa shambani. Niliuma blanketi, nikajizuia mpaka jasho likanitoka, halafu nikashindwa. Harufu ilijaa kile chumba cha bati. Nilimsikia Ama akisimama nyuma ya pazia. Kisha pazia likafunguliwa, akaingia na karai la maji ya vuguvugu na matambara.

"Mama, toka nje," nikamwambia. "Niitie mwanamume yeyote."

"Wanaume wako kwenye ngano. Geuka."

"Siwezi kugeuka."

"Basi nitakugeuza."

"Mama, nakuomba. Mimi ni mkwe wako."

"Nilimwosha mume wangu alipokufa," akasema, "na kaka zangu wawili. Wale walikuwa wa baridi. Wewe bado una joto. Nyamaza."

Aliniosha kwa kupapasa, uso wake ameuelekeza ukutani, hata mara moja hakunitazama. Alifanya polepole, akakamua tambara, akarudia. Mimi nilifumba macho na kutamani ule mlio wa muwa ungekuwa shingoni. Alipomaliza, alinifunika, akachukua karai, akatoka. Kisha nilimsikia nyuma ya nyumba akitapika. Alitapika kwa muda mrefu, kama mtu aliyekula sumu. Akarudi, akanawa mikono kwa majivu, akaanza kuchambua mboga.

Kesho yake aliniosha tena.

Tangu siku hiyo niliuchukia mwili wangu kama unavyomchukia jirani mlevi. Miguu ilikonda. Misuli ya mapaja, ile niliyokuwa nikijivunia, ililegea ikawa kama ngozi ya ndizi iliyokwisha kumenywa. Mgongoni nilitoka vidonda viwili vya kulala, vikatoa maji ya njano yaliyogandisha shuka, na kila asubuhi Ama alilazimika kulibandua. Nilinuka. Nilijua ninanuka kwa sababu mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka minne, alikuja mpaka mlangoni na kusimama hapo, akashika pua, akanipungia kwa mkono mwingine.

Wenye dawa walianza kuja. Wa kwanza alikuwa mzee wa chuku. Alinichanja kiunoni kwa wembe, akabandika pembe za mbuzi, akanyonya hewa kwa mdomo, akaziba kwa nta. Alipozibandua, damu ilitoka imeganda, mabonge meusi kama maini, akanionyesha kwa furaha. "Unaona? Uchafu huo ndio uliokuwa unakuuma." Nilitazama nikaona damu yangu tu. Wa pili alileta mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyachanganya na masizi na kitu ambacho hakutaka kukitaja. Yalioza kwa joto la mabati. Nzi walinikaa mgongoni kama wanavyokaa juu ya ng'ombe aliyekufa, na mimi sikuwa na mkia wa kuwafukuza. Wa tatu alikuwa jirani, mwenye ushauri wa bure: nilale kifudifudi, binti mzaliwa wa kwanza anikanyage. Alikanyaga. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa kisimani wakaacha ndoo zao.

Sisemi dawa za kienyeji zote ni bure. Nasema hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeuliza nilikuwa ninafanya kazi gani na ninainamaje.

Mvua za vuli zilipokaribia niliweza kukaa, kisha kusimama kwa kushika ukuta. Nikaenda zahanati ya Karatu, nimelala kwenye tela la trekta. Pale kulikuwa na benchi refu lisilo na egemeo. Kama una mgongo, unajua benchi lisilo na egemeo ni kitu gani. Niliketi tangu saa mbili mpaka saa nane, katikati ya mwanamke mwenye mtoto anayeharisha na mzee aliyekuwa akikohoa na kutema chini ya miguu yetu, kisha anasugua kwa soli ili isionekane. Nilipofika ndani, niliambiwa nipumzike, nikapewa vidonge vyeupe na dawa ya kuchua inayonukia kama majani ya mkaratusi. Kupumzika! Nilikuwa nimepumzika mpaka nimeoza.

Nikitoka, nilipita kwa Mzee Salumu, mwenye duka karibu na barabara. Alikuwa mtu mwema, na simlaumu. Alinionea huruma akatoa chini ya meza mkanda wa ngozi na vipande vya chuma, mpana kama kifua cha mtu, wenye kamba za kukaza. Uliachwa na mpita njia, akasema, na unasaidia sana.

"Ukiuvaa huu, utabeba hata nyumba," akaniambia.

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Niliuvaa mchana na usiku. Kweli ulininyoosha, nikatembea kama askari. Baada ya wiki nilianza kujikuna. Baada ya wiki mbili Regina alinivua ili aufue, akahisi kitu kikitembea ndani ya ngozi, akaupasua mshono mmoja kwa kisu. Kunguni walimwagika mezani. Walikuwa wakubwa, wamenona, wakitembea taratibu kwa sababu ya kushiba. Nilitazama damu yangu ikitembea kwa miguu sita sita juu ya meza tunayolia chakula. Regina aliutupa mkanda motoni, na kunguni wakapasuka mmoja mmoja kama punje za bisi.

Lakini kabla ya huo moto, mkanda ulikuwa umekwisha kunidanganya. Nilikuwa nimerudi kazini. Nilijiona mtu, nikataka Regina aache sindano, nikataka Ama arudi kwake na aibu yangu iondoke pamoja naye. Wakati wa kupanda, Faustini aliniita tushushe magunia ya mbegu. Niliinama kama nilivyoinama siku zote, miguu imesimama wima, mgongo umekunjika kama ndoano. Nikanyanyua. Safari hii sikusikia mlio wowote. Mguu wa kulia ulikufa ganzi tangu tako mpaka kidole gumba, nikaketi chini kwenye matope kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Walinipeleka hospitali ya misheni, mbali, kwa lori, nimelala juu ya maranda. Daktari alinigonga magoti, akanichoma nyayo kwa sindano, akasema hakuna mfupa uliovunjika, ila kitu kati ya mifupa kimetoka mahali pake. Wakanining'iniza kwa mikono kutoka kwenye boriti, wakanizungushia bendeji za plasta zilizoloweshwa, tangu kwapani mpaka kwenye nyonga. Ilikuwa ya moto, kisha ikawa baridi, kisha ikawa ngumu kama ukuta. Niliambiwa nitakaa ndani yake wiki nane.

Wiki nane ndani ya ukuta, kipindi cha mvua. Jasho halikuwa na pa kwenda. Makombo ya ugali yaliingia juu, kwenye kifua, yakashuka yakakaa. Chawa wakapata nyumba isiyo na mlango wa kuingilia polisi. Nilipewa spoku ya baiskeli na mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi mmoja aliyevunjika paja, na kwa spoku hiyo nilijikuna mpaka nikatoka damu, ikanuka nayo. Mle wodini tulinuka wote, kila mtu kwa namna yake, na kila mmoja aliamini harufu ya mwenzake ndiyo mbaya zaidi. Fundi alikuwa akinitania: "Petro, wewe ukifa hatutahitaji jeneza. Umekwisha kuwekwa." Nilicheka, na kucheka ndani ya plasta kunauma.

Regina alikuja mara moja tu, kwa sababu ya umbali na kazi. Alisimama mwisho wa kitanda. Nilimwomba asogee. Akasogea hatua moja. Alinieleza habari za watoto, habari za Ama, kwamba Faustini sasa anamwita kwa jina lake badala ya "mke wa Petro". Hakunigusa. Alipoondoka niligeuza uso kwa fundi, naye kwa huruma yake akajifanya amelala.

Siku ya kukata plasta alikuja dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aliyeitwa Yohana, Mwiraqw mwenzangu kutoka upande wa Mbulu, kijana mwenye mikono mikubwa. Alikata kwa mkasi mkubwa kama wa kukatia manyoya ya kondoo. Ilipofunguka, yeye mwenyewe alirudi nyuma. Ngozi yangu ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu, ikabanduka vipande vipande pamoja na plasta, na chini yake palikuwa na ngozi nyingine, laini, nyekundu, kama ya panya aliyezaliwa leo. Nilitazama tumbo langu nikageuza uso.

"Usiogope," Yohana akasema. "Hiki ni kitu kilichokufa kinatoka."

"Mgongo umepona?"

Akafikiri. Nampenda mpaka leo kwa sababu alifikiri kwanza.

"Mgongo umelala," akasema. "Sasa hauna nguvu hata ya kubeba kichwa chako. Ukirudi nyumbani ukalala tena, utarudi hapa. Ukirudi ukabeba gunia, utarudi hapa. Lazima uufundishe."

Akanipa karatasi moja, iliyopigwa kwa stensili, wino wa zambarau. Ilikuwa na picha nane za mtu asiye na uso, amevaa kaptura, anajilaza na kujikunja kwa namna mbalimbali. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Yohana alinieleza kila picha, nami nikaandika Kiswahili changu pembeni kwa penseli. Karatasi hiyo ninayo, ingawa imepasuka mikunjoni. Nitakuandikia nilivyoandika, si kama daktari, maana mimi si daktari. Kama miguu yako imekufa ganzi au huwezi kuzuia mkojo, nenda hospitali kwanza.

Picha ya kwanza: lala chali chini, si kitandani. Kunja magoti. Bana kiuno chini hata siafu asipite. Hesabu kumi. Achia.

Ya pili: vuta goti moja mpaka kifuani, kama unalikumbatia. Jingine. Kisha yote mawili.

Ya tatu: lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, tumbo libaki chini. Tazama mbele kama mjusi.

Ya nne: simama na ukuta. Visigino, matako, mabega na kisogo viguse. Toka hapo utembee hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Zilizobaki ni za kunyoosha miguu na kuinuka kitandani: geuka kwanza ubavu, shusha miguu, sukuma kwa mkono. Usiinuke kama mtu aliyeitwa na polisi.

Unasoma unaona ni michezo ya watoto. Hata mimi niliona hivyo. Niliporudi kambini nikajilaza chini, kwenye ile sakafu ya udongo, kati ya maganda ya viazi na kinyesi cha kuku, na kukumbatia magoti yangu huku watoto wakitazama, nilijidharau kuliko siku ya kuoshwa. Majirani walichungulia. Habari ikaenda kwamba Petro amerudi na dini mpya, anaabudu chini. Faustini alikuja kuona kwa macho yake. Alisimama mlangoni, akatazama, akatema mate pembeni.

"Mwanamume mzima," akasema, akaondoka.

Nilitaka kuacha. Nikamwambia Ama nimeacha. Yeye alikuwa akikoroga ugali, hakugeuka.

"Mimi nimekuosha mavi miezi mitatu," akasema. "Leo unaona aibu ya kulala chini?"

Sikuacha. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika ila hasira. Mwezi wa pili niliweza kufunga viatu. Nililia kwa ajili ya viatu.

Na Ama alinifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Siku moja nilimwangalia akinyanyua mtungi wa maji. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama mwimo wa mlango. Hakuinama. Alichuchumaa, akauvuta mtungi mpaka ukamgusa tumbo, akainuka kwa mapaja. Nilimwomba arudie. Akashangaa, akarudia. Nikamwomba tena.

"Unanicheka?"

"Hapana, Ama. Najifunza."

Kumbe miaka yote nilikuwa nikishindana na wanaume wenzangu juu ya ubao, na ujuzi ulikuwa nyumbani, kwa mtu niliyefundishwa nisimtazame.

Kazi niliyopewa baadaye ilikuwa ya kushona magunia, pamoja na wanawake, pamoja na mke wangu. Wapakiaji waliniita Mama Petro. Niliketi juu ya sanduku, nikapandisha gunia juu ya jiwe ili nisiinamie, na kila nilipomaliza magunia matano nilisimama nikaegemea ukuta wa ghala, visigino, matako, mabega, kisogo. Walicheka. Kabla ya mavuno ya pili kwisha, wawili kati ya waliocheka walikuja, kila mmoja kwa siri yake, wakaniomba niwaonyeshe karatasi. Niliwaonyesha. Sitasema niliwaonyesha kwa moyo mweupe.

Ulikuja ule mwaka wa ukame na njaa, halafu mvua zisizokwisha, halafu Uhuru. Watu wa shamba walianza kutawanyika. Ama alikuwa amekwisha kurudi kwake, nasi tukamfuata Baray, tukapata shamba, tukajenga. Nilibeba udongo kwa karai nusu, si karai zima. Mahindi tuliyatia katika magunia tuliyoyakata katikati, yenye uzito wa kubebwa na mtu mwenye akili. Maumivu hayakuondoka moja kwa moja. Siku za baridi huja, hukaa siku mbili, huenda. Tunafahamiana.

Kati yangu na Regina kulibaki kitu. Alinipikia, alinizalia mtoto mwingine, tulicheka mezani. Lakini kila asubuhi nilipojilaza chini kwa mazoezi, alitoka nje. Nilidhani ni kinyaa. Nilidhani kila anionapo nimelala anaona lile shuka la njano. Miaka mitatu nilidhani hivyo, nikamkasirikia kimya kimya.

Asubuhi moja, kabla ya palizi, nilikuwa chini juu ya ngozi ya ng'ombe, goti liko kifuani. Regina aliingia na kuni. Aliziweka. Hakutoka. Alisimama ameshika nguzo, mkono mwingine kiunoni, na uso wake ulikuwa na jasho ingawa kulikuwa na baridi.

"Sogea," akasema.

"Kwa nini?"

"Sogea nilale."

Nikasogea. Alishuka kwa kushika nguzo, kidogo kidogo, kama nilivyokuwa nikishuka mimi, meno ameyauma. Alipofika chini alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Mgongo?" nikamuuliza.

"Mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu magunia. Tangu ule mwaka wa kwanza. Nilikuwa nashona nimeinama, mtoto juu yangu."

"Regina, hiyo ni miaka minne. Mbona hukusema?"

Alitazama paa. "Nani angekugeuza wewe?"

"Na asubuhi," nikasema, "ukitoka nje nikiwa hapa..."

"Nilikuwa nafanya nyuma ya zizi. Nilichungulia picha zako. Lakini ile ya tatu siiwezi, sijui naikosea wapi."

Nimeandika sana hapa kuhusu vitu vilivyonitia kinyaa: damu ya chuku, kunguni, ngozi iliyokufa. Hakuna kilichonitia kinyaa kama mimi mwenyewe asubuhi ile. Nilikuwa nimewaonyesha karatasi wapakiaji walionitukana, na mtu aliyelala nami kitanda kimoja alijifunza kwa kuchungulia.

Nikaileta karatasi kutoka kwenye sanduku. Nikaitandaza chini kati yetu.

"Geuka ulale kifudifudi," nikamwambia. "Polepole. Viwiko viweke hapa, chini ya mabega. Tumbo liache chini, usiliinue, hapo ndipo unapokosea."

"Inauma."

"Najua. Shuka kidogo. Hapo hapo. Sasa tazama mbele."

Akatazama mbele. Mahindi yalikuwa yanangoja palizi, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Tuliyaacha yangoje mpaka tukamaliza picha zote nane.